Kupumua taratibu, kubana pumzi au kupumua kwa nguvu: lipi likufae wewe

Kila Jumamosi tukimaliza jogging tunakaa pale Coco Beach tunakunywa madafu, na siku hizi stori zikinoga lazima mtu atoe simu aonyeshe video ya mtu anapumua. Mmoja atasema yeye anapumua taratibu mara sita kwa dakika na usingizi umerudi, mwingine anamkatisha, hiyo haina kitu, mpango mzima ni kubana pumzi, alafu kuna vijana wetu wao wanapumua kama mtu anayepuliza jiko la mkaa lililogoma kuwaka, mara 30, mara 40, wanasema wanajaza oksijeni mwilini. Kisha wote wananigeukia, "Mwalimu, lipi zuri?" maana nafundisha baiolojia sekondari na wanajua hii mada naipenda.

Nimejibu kwa mdomo mpaka nimeona bora niandike, sababu swali la lipi zuri halina jibu moja, linategemea unatafuta nini na mwili wako ukoje. Ila kabla ya kuchagua kuna kitu kimoja lazima ukishike, na hicho ndo kinatenganisha haya mazoezi matatu kuliko kitu kingine chochote.

Kinachokulazimisha upumue

Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa. Toa hewa kawaida, bana pua, hesabu. Sekunde ya 20, ya 30, kifua kinaanza kudai, tumbo linaruka lenyewe, mwisho unaachia. Muulize mtu yeyote hapo kimetokea nini, atakwambia oksijeni imeisha. Haijaisha, hata haijakaribia. Mdogo wangu ana kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, wengi walinunua kipindi cha korona, basi nikamwekea akabana pumzi mpaka macho yakamtoka na mishipa ya shingo ikasimama, kipimo kikawa bado kinasoma asilimia 97.

Kilichomshinda ni hewa ukaa, kaboni dayoksaidi. Kila seli ikitumia oksijeni inatoa hewa ukaa, nayo ikiingia kwenye damu inaungana na maji inakuwa asidi, ile ile inayokupa ule ukali wa soda ulimini. Asidi ikipanda kidogo tu, shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, linahisi na kutuma amri kwenye misuli ya mbavu na kwenye kiwambo kilichotenga kifua na tumbo. Kuna vipokezi vingine vidogo sana shingoni, kila upande kimoja, pale mshipa unaopeleka damu kichwani unapogawanyika, na vingine kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Hivi vya shingoni ndo vinaangalia na oksijeni, ila ni vivumilivu mno, havipigi kelele za maana mpaka shinikizo la oksijeni kwenye damu lishuke chini ya 60 hivi wakati kawaida ni 80 mpaka 100. Hewa ukaa yenyewe inatakiwa ikae kati ya 35 na 45, kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha, na ikisogea kutoka 40 kwenda 45 tu tayari unahema bila kuambiwa na mtu.

Hii haijaanza kujulikana jana. Mwaka 1905 kule Uingereza John Scott Haldane na mwenzake Priestley walionyesha kwamba hewa ukaa ndo inaongoza pumzi ya kila siku, na Mbelgiji Corneille Heymans akapewa Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi yake juu ya vile vipokezi vya shingoni na vya kwenye mshipa mkuu. Zaidi ya miaka mia imepita na bado video zinatuambia tukihema sana tunajaza oksijeni.

Na mfumo huu una tundu moja ambalo naomba kila mtu anayepikia mkaa alijue, hata kama mazoezi ya kupumua hayakuhusu. Jiko la mkaa ukiliingiza chumbani na kufunga madirisha, mfano wakati wa mvua, linatoa kaboni monoksaidi. Hiyo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, lakini hewa ukaa haipandi, na vile vipokezi vya shingoni vinapima shinikizo la oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, havipimi kiasi kilichobebwa, kwa hiyo vinakaa kimya. Hutasikia kukosa pumzi. Utasikia kichwa kinauma, usingizi mzito, basi. Hata kipimo cha kidoleni kinadanganyika kinasoma vizuri. Jiko lipoe nje, tafadhalini sana.

Vigezo nilivyotumia

Kwa kila zoezi nimejiuliza mambo yale yale matano: linafanya nini kwa hewa ukaa, unajisikiaje ukiwa unalifanya, hatari yake iko wapi, linafanyika wapi na kwa muda gani kwa mtu wa Dar mwenye pilika zake, na linamfaa nani. Sikuweka kigezo cha kuongeza oksijeni, na sijasahau. Dar tuko usawa wa bahari, hewa ina oksijeni asilimia 21, na mtu mzima mwenye afya damu yake inasoma 97 au 98 akiwa amekaa tu anachati. Ndoo imeshajaa, huwezi kuijaza zaidi.

La kwanza: kupumua taratibu

Kawaida mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Hapa unashusha mpaka kama 6, unavuta kwa pua sekunde 5, unatoa sekunde 5, wengine wanavuta 4 wanatoa 6.

*Hewa ukaa.* Ukilifanya sawasawa haitikisiki, inabaki pale pale karibu na 40, na huo ndo uzuri wake. Ila "sawasawa" hapo ina hesabu yake ambayo watu wengi wanairuka. Pumzi moja ya kawaida ni kama mililita 500, chupa ya soda ya nusu lita. Katika hizo, kama 150 zinaishia njiani, puani, kooni na kwenye bomba la hewa, hazifiki kwenye vifuko vya mapafu ambako damu inabadilishana hewa. Kwa hiyo ukipumua mara 12, hewa inayofanya kazi ni 350 mara 12, lita 4.2 kwa dakika. Sasa ukishuka mpaka mara 6 lakini kila pumzi ukavuta lita nzima, inakuwa 850 mara 6, lita 5.1, yaani umepunguza mwendo lakini unafukuza hewa ukaa kuliko mwanzo, na ndo maana kuna watu wanalalamika zoezi la kutuliza linawapa kizunguzungu. Vuta kama 850 hivi kwa jumla, pumzi laini isiyojaza kifua mpaka juu, 700 zinafika kwenye vifuko, mara 6, unarudi kwenye lita 4.2 ile ile. Na ukitaka kuona upande wa pili, anayehema juu juu mara 24 kwa pumzi za 250, hewa inayoingia na kutoka ni lita 6 zile zile lakini inayofika kwenye vifuko ni 2.4 tu. Darasani nikiandika hizi namba tatu ubaoni wanafunzi huwa wananyamaza kabisa.

*Unajisikiaje.* Dakika moja ya kwanza unaweza kusikia kama hewa haitoshi, mwili unazoea mwendo mpya. Baadae mapigo ya moyo yanaanza kwenda na pumzi, unavuta yanaongezeka kidogo, unatoa yanapungua, hiyo ni kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni. Mabega yanashuka, mate yanarudi mdomoni.

*Hatari.* Ndogo. Ukisikia kizunguzungu basi unavuta hewa nyingi mno, punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze. Mwenye presha asiache dawa kwa sababu amejifunza kupumua, hili ni la kusaidiana na dawa.

*Mahali na muda.* Popote, kwa kweli. Ndani ya mwendokasi umesimama umebanwa, kwenye foleni ya benki, umelala kitandani umeme umekatika na feni imezima. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha na hakuna atakayejua unafanya nini.

*Linamfaa nani.* Mwenye mawazo, mwenye usingizi wa mang'amung'amu, mwanafunzi anayesubiri mtihani, mtu wa presha, mama mjamzito, mzee. Asiyelipenda ni yule anayetaka kusikia kitu kikubwa kimetokea mwilini, maana hapa hakuna shoo, ni utulivu tu unaokuja kidogo kidogo.

La pili: kupunguza na kubana pumzi

Hili linajulikana zaidi kwa jina la Konstantin Buteyko, daktari wa Kisovieti aliyeanza kulifundisha miaka ya 1950. Hoja yake ni kwamba watu wengi tunapumua kupita mahitaji, tunatupa hewa ukaa nyingi mno, na maradhi yanaanzia hapo. Kwa vitendo unapumua kwa pua tu, pumzi ndogo ndogo kiasi kwamba unabaki na njaa kidogo ya hewa, na katikati unatoa hewa kawaida kisha unabana mpaka pale hamu ya kwanza ya kuvuta inapokuja, unaachia. Zile sekunde unaziandika, wiki hadi wiki unaangalia zinavyoongezeka.

*Hewa ukaa.* Inapanda kidogo. Na hapa kuna jambo zuri la kikemia, mwaka 1904 Christian Bohr na wenzake kule Denmark walionyesha kwamba hewa ukaa ikiwepo ya kutosha, himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inaiachia kirahisi zaidi inapofika kwenye misuli, na ikipungua inaing'ang'ania. Kwa hiyo wapenzi wa zoezi hili wana msingi wa kweli wanaposema hewa ukaa sio takataka tu. Wanapozidisha ni kudai linaponya kila kitu, hiyo haijathibitishwa.

Kingine kinachobadilika ni uvumilivu. Ukifanya wiki nyingi, kengele ya hewa ukaa inachelewa kidogo kukusumbua. Wavuvi wetu wa kuzamia huku pwani wanaujua huu uvumilivu bila kusoma kitabu, mwili wao umezoea. Na ukibana kwa muda bandama nayo inajikamua, inaingiza chembe nyekundu za damu zilizokuwa zimehifadhiwa, ndo sababu moja mara ya tatu au ya nne unabana kwa muda mrefu kuliko ya kwanza.

*Unajisikiaje.* Haipendezi, nisikufiche. Njaa ya hewa ni hisia ya hofu, imewekwa iwe hivyo, na mtu mwenye tabia ya kupaniki anaweza kuichukia siku ya kwanza tu. Dada mmoja wa kwenye jogging yetu alijaribu sebuleni kwake Tabata, akasema ilimkumbusha alivyozama mtoni akiwa mdogo, akaacha, na nilimwambia amefanya sawa kuacha. Wengine wanaizoea, wanasikia joto mikononi na pua iliyoziba inafunguka, hiyo ya pua hata mimi nimeiona mara nyingi.

*Hatari.* Sio ya kulazimisha. Mwenye sikoseli asicheze na kubana pumzi kwa muda mrefu, oksijeni ikishuka chembe zake zinabadilika umbo na maumivu yanaanza, na Tanzania tuna watoto wengi wanaozaliwa na hali hiyo kwa hiyo usimfundishe mtu bila kumuuliza. Mjamzito, mwenye tatizo la moyo au presha isiyodhibitiwa, aachane na kubana. Mwenye pumu akiwa tayari amebanwa, huo sio wakati wa zoezi, ni wakati wa inhela.

*Mahali na muda.* Panahitaji utulivu na hewa isiyo na vumbi. Asubuhi kabla hujatoka ni bora, dakika 15 hivi. Mchana wa Februari chumba hakina feni hutaweza, joto linaongeza kuhema na ukijumlisha na njaa ya hewa unatoka jasho bure.

*Linamfaa nani.* Anayepumua kwa mdomo usiku kucha akaamka koo limekauka, anayeshusha pumzi kila baada ya dakika mbili bila sababu, na mwenye pumu ambayo imetulia na yuko chini ya daktari. Kwa pumu kuna majaribio yalionyesha watu walipunguza dalili na kutumia ile inhela ya dharura mara chache zaidi, ila vipimo vya nguvu ya mapafu havikubadilika, na hiyo tofauti ni muhimu, zoezi linasaidia dalili, ule uvimbe ndani ya njia za hewa unabaki kuwa kazi ya dawa. Inhela ya kila siku usiiache.

La tatu: kupumua kwa kasi na nguvu

Hili limesambaa kupitia Mholanzi Wim Hof, yule wa kukaa kwenye barafu. Unavuta hewa nyingi na kuachia mara 30 mpaka 40 mfululizo, alafu unatoa hewa na kukaa bila kupumua muda utakaoweza, kisha unavuta pumzi moja kubwa unaishika sekunde 15 hivi. Huo ni mzunguko mmoja, wanafanya mitatu au minne.

*Hewa ukaa.* Inaporomoka, inaweza kushuka hata chini ya nusu ya kawaida yake. Damu inakuwa na alikali, kinyume cha asidi, kuliko inavyotakiwa, wakati mwili unapenda kukaa kati ya 7.35 na 7.45 kwa pH, kipimo cha asidi na alikali. Oksijeni haiongezeki cha maana, kutoka 98 unaenda 99 au 100. Yaani kilichobadilika ni ile hewa inayopigia mwili kengele, umeifukuza.

*Unajisikiaje.* Nilikaa na mdogo wangu huyo huyo, kipimo kidoleni, yeye kwenye mkeka mimi pembeni na saa. Pumzi ya 15 akasema midomo inawasha kama amekula pilipili. Ya 25 vidole vikaanza kujikunja, dole gumba likaingia kiganjani lenyewe na akawa anaweza kulinyoosha kwa shida. Hiyo inatokea sababu damu ikiwa na alikali, kalsiamu inayofanya kazi inapungua, inashikwa na protini za damu, na neva zinakuwa na wepesi wa kujirusha. Kichwa kikawa chepesi, akacheka bila sababu. Watu wanasema ni oksijeni imejaa kichwani, ukweli ni kinyume, hewa ukaa ikishuka mishipa ya damu ya ubongo inabana, kila milimita moja ya zebaki ya hewa ukaa ikishuka damu inayoenda kwenye ubongo inapungua kwa kama asilimia 3. Ule ulevi ni ubongo uliopunguziwa damu.

Alafu akatoa hewa akabana. Sekunde 30 kimya. Dakika moja kimya, uso umetulia kabisa kama amelala. Dakika moja na nusu kipimo kikaanza kushuka, 94, 90, 86, na yeye hasikii chochote, hana haja ya kupumua. Nikamgusa bega nikamwambia vuta. Alivyofungua macho akauliza kwani imefika dakika ngapi.

Hapo ndo penye kila kitu, faida yake na ubaya wake. Hewa ukaa iko chini sana hivyo itachukua muda kupanda mpaka kiwango cha kukusumbua, huku oksijeni inatumika kama kawaida. Kengele imezimwa, moto bado unawaka.

Nisilionee, lina faida zake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi walichapisha utafiti ambapo watu waliofundishwa mbinu hii walidungwa sehemu ya bakteria inayoleta homa, na wakapata dalili chache kuliko wasiofundishwa, adrenalini yao ilipanda juu sana. Ni kundi dogo la vijana wenye afya lakini ni kitu cha kweli kilichopimwa. Na watu wengi wanaofanya wanasema asubuhi wanapata nguvu, kwa adrenalini ile sishangai.

*Hatari.* Maji. Naandika hili nikiwa na uchungu. Mwaka jana kwenye bwawa moja hapa mjini vijana walikuwa wanashindana nani atakata bwawa mara mbili chini ya maji, mmoja akasimama ukingoni akahema kwa nguvu kama mara 20, akaingia. Kwenda alienda vizuri. Alivyogeuza, mikono ikaanza kupunguza kasi, alafu ikaacha, akawa anaelea uso chini na sisi juu tunadhani anajivuta. Rafiki yake ndo alishtuka akaruka. Walimtoa midomo imekuwa ya zambarau, akakohoa, akapona, na kitu alichosema ndo kimenikaa kichwani, kwamba hakusikia kukosa hewa hata kidogo, alikuwa anajisikia vizuri tu. Hata anayeogelea vizuri sana anazimika hivi hivi, na haijalishi bwawa lina kina gani, maji ya kiunoni yanatosha.

Zaidi ya maji, mwenye kifafa asiguse, kuhema kwa nguvu kunaweza kuamsha degedege. Mjamzito, mwenye sikoseli, mwenye shida ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, hapana. Usifanye ukiwa umesimama, usifanye ukiwa kwenye usukani au juu ya bodaboda.

*Mahali na muda.* Chini kwenye mkeka au kitandani, kuna mtu mwingine ndani, tumbo halijashiba. Dakika 20 hivi kwa mizunguko yote.

*Linamfaa nani.* Mtu mzima mwenye afya, asiye na ugonjwa niliotaja, anayetaka msisimko na changamoto na ambaye yuko tayari kuheshimu masharti. Mtu mwenye wasiwasi wa mara kwa mara naona aliache, zile dalili za midomo kuwasha na kichwa kuwa chepesi ni zile zile za kupaniki na zinaweza kumwanzishia.

Kwa hali yako

Kama kesho una mtihani au intavyuu na moyo unakwenda mbio, la kwanza, anza dakika 10 kabla hujaitwa, na toa hewa kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyovuta. Kama tayari umeshaanza kuhema na vidole vinawasha, ni hilo hilo, pumzi ndogo za puani. Zamani watu walipewa mfuko wa karatasi wapumulie humo, siku hizi haishauriwi, maana ikiwa kumbe ni pumu au moyo utakuwa umemkata oksijeni mgonjwa.

Kama una pumu iliyotulia na umechoka kuhema kwa mdomo, la pili linastahili mwezi mmoja au miwili ya kujaribu, inhela ikiwa pembeni na daktari akijua. Likikutisha rudi la kwanza, hujapoteza.

Mama mjamzito anayehema akipanda ngazi mbili, mara nyingi sio ugonjwa. Homoni ya projesteroni inaongeza pumzi makusudi, hewa ukaa yake inashuka mpaka karibu 30 ili ya mtoto ipate njia ya kutoka kuja kwake. La kwanza linamtosha, mengine asubiri ajifungue. Ila kuhema kukija ghafla, au akiwa amelala, au na maumivu ya kifua, aende kliniki.

Wakimbiaji wenzangu wanaotaka mbio ndefu, hakuna kati ya haya linalochukua nafasi ya kukimbia. La pili linaweza kukuzoesha ile hali ya kuhema usiiogope, la kwanza linakurudisha haraka baada ya kumaliza. Na mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro, mita 5,895 kule juu shinikizo la hewa ni kama nusu ya la hapa Dar, na ndo mahali oksijeni inashika usukani wa kupumua kweli kweli, vipokezi vya shingoni vinakuhemesha, hewa ukaa inashuka, damu inakuwa na alikali, na figo zinahitaji siku kadhaa kutoa bikaboneti, ile chumvi ya alikali kwenye damu, ili kurudisha usawa. Hizo siku hazina mkato, ndo maana waongozaji wanasema pole pole, chagueni njia yenye siku nyingi.

Mpenda msisimko mwenye afya, la tatu, kwenye mkeka. Kama siku hiyo unaenda kuogelea usilifanye kabisa, na ukizamia pumua kawaida mara mbili tatu, ingia, mwili ukidai hewa panda juu, na asikosekane mtu anayekuangalia asiyezamia wakati huo huo.

Na kama ni mtu nyumbani kwako anapumua kwa kina na haraka bila kupumzika, hajakimbia, hana hofu, ana kiu sana na anakojoa mara kwa mara, mdomo unanukia kama matunda yaliyoiva sana, huyo usimfundishe kupumua taratibu. Sukari imepanda, damu ina asidi, na mwili unahema hivyo kwa makusudi ili utoe hewa ukaa na kupunguza asidi hiyo. Ukimzuia unamnyang'anya kinga aliyobaki nayo. Ita bajaji au taksi muende hospitali saa hiyo hiyo, na mkifika sema kabisa "apimwe sukari".